Makabati mapya, macho yanayowasha, na hewa ya saluni

Msomaji wetu wa Kinondoni, Dar es Salaam, ameandika hivi:

"Shikamoo mtaalamu. Mwezi wa Januari tulihamia nyumba ya kupanga iliyokarabatiwa. Fundi ametutengenezea makabati ya nguo ya MDF katika vyumba vyote viwili, na watoto wamewekewa kitanda cha ghorofa cha ubao huohuo. Usiku tunafunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, na yale matundu ya juu ya madirisha tumeyaziba ili baridi isitoke. Tangu tuhamie, tukiamka macho yanawasha, mwanangu wa miaka minne anakohoa usiku, na ukifungua kabati harufu inachoma pua. Fundi anasema ni harufu ya upya, itaisha. Nimechoma udi, nimeweka mkaa kwenye droo, nimenunua maua ya vyungu, lakini sijaona nafuu. Jirani anasema MDF ina gesi ya saratani na ameniambia niyavunje makabati yote. Je, ni kweli? Mimi ni mtengeneza nywele na saluni kwetu tunafanya keratini, kwa hiyo harufu kali nimezizoea. Watoto ndio wanaonitia wasiwasi."

Marahaba, dada. Nitakujibu kwanza kwa ufupi ili leo hii uwe na pa kuanzia. Jirani yako amesema jambo la kweli lakini ushauri aliokupa haufai, makabati usiyavunje, watoto wasilale tena katika chumba kilichozibwa, kuanzia usiku wa leo, na ile sentensi yako ya saluni, uliyoiandika kana kwamba haina uzito, ndiyo iliyonishtua kuliko zote zilizotangulia. Nitaifikia. Nianze na chumba cha watoto kwa kuwa ndicho ulichokiuliza.

Gesi anayoizungumzia jirani yako inaitwa fomaldehaidi. Haina rangi, harufu yake inachoma, na huyeyuka upesi sana katika maji, ndiyo maana hushambulia kwanza sehemu za mwili zenye unyevu, yaani macho, pua na koo. Ikiwa imeyeyushwa katika maji kwa kiasi cha asilimia 37 hivi, ndiyo fomalini inayohifadhia maiti na vipande vya mwili katika maabara za hospitali. Katika ubao wako haikuingia kwa bahati mbaya. MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, kisha zikashindiliwa kwa joto na mgandamizo mkubwa, na gundi iliyozoeleka zaidi kwa kazi hiyo, kwa sababu ya bei yake nafuu, ni ile inayotengenezwa kwa urea na fomaldehaidi. Chipubodi hutengenezwa kwa gundi hiyo, na plaiwudi nyingi za matumizi ya ndani pia.

Gesi hutoka katika ubao kwa njia mbili, na tofauti yake inaeleza kwa nini fundi wako ana nusu ya ukweli tu. Njia ya kwanza ni fomaldehaidi iliyobaki huru kiwandani bila kushikana na kitu. Hiyo hutoka kwa wingi katika wiki na miezi ya mwanzo, na ikipungua, harufu nayo hupungua. Njia ya pili ni gundi yenyewe: unyevu wa hewa huivunja kidogo kidogo na kuachia gesi mpya, na kazi hiyo huendelea kwa miaka, ingawa kwa kasi ndogo. Kwa hiyo harufu itapungua, ndiyo, lakini kupungua kwa harufu si kipimo cha usalama, kwa sababu pua ya binadamu huizoea gesi hii na kuacha kuitambua hali gesi bado ipo. Mgeni anayeingia kwako kutoka nje ana pua ya kuaminika kuliko yako.

Sasa nisimame kidogo kwenye suala la joto, kwa sababu hapa ndipo watu wa pwani tunapodanganyika bila mtu yeyote kutudanganya. Ukiuliza dukani unaweza kuonyeshwa ubao wenye alama ya E1, na ukaambiwa kwamba huo ni salama kwa viwango vya Ulaya. Maana ya alama hiyo ni kwamba kipande cha ubao kiliwekwa katika chumba cha maabara chenye joto la nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 45, mita moja ya mraba ya ubao kwa kila mita moja ya ujazo wa hewa, hewa yote ikibadilishwa mara moja kila saa, na fomaldehaidi iliyopimwa haikuzidi miligramu 0.124 katika mita ya ujazo. Dar es Salaam ya mwezi wa Februari haifanani na chumba hicho hata kidogo. Mchana joto hufika nyuzi 32, unyevu ni mwingi karibu mwaka mzima, na utoaji wa gesi hii huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi 5 au 6 zinazoongezeka, huku unyevu nao ukichochea. Ubao uliofaulu kipimo kihalali unaweza basi kutoa nyumbani kwako zaidi ya mara mbili ya ilichoandika maabara. Na hata bila joto hilo, Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 liliweka mwongozo wa hewa ya ndani kuwa fomaldehaidi isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo katika nusu saa yoyote, kiwango kilicho chini ya kile cha E1. Umoja wa Ulaya wenyewe umeona kwamba E1 haitoshi, na kuanzia tarehe 6 Agosti 2026 samani zinazouzwa huko haziruhusiwi kuzidi miligramu 0.062, yaani nusu yake.

Kuhusu wingi wa ubao, chukua chumba cha watoto chenye urefu wa mita 3.5, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Hewa yake ni kama mita 28 za ujazo. Kabati la ukuta mzima, ukihesabu milango, mbavu, rafu na mgongo kwa pande zote mbili, lina mita za mraba 25 na zaidi, na bado hatujahesabu kitanda. Umejenga, bila kujua, kitu kinachokaribiana sana na kile chumba cha maabara, isipokuwa chako kina joto zaidi, kina unyevu zaidi, na usiku hakibadilishiwi hewa.

Hilo la hewa ndilo kiini cha tatizo lako, na kosa si lako peke yako. Kiyoyozi cha ukutani hakileti hewa kutoka nje. Huvuta hewa ya chumbani, huipoza, huipunguzia unyevu na kuirudisha mlemle. Kile kisanduku cha nje hutupa joto tu. Kwa upande mmoja baridi yake inasaidia, kwa kuwa ubao uliopoa hutoa gesi kidogo. Kwa upande mwingine, ili baridi isitoke, mmefunga madirisha na kuziba matundu ambayo wajenzi wetu waliyaweka juu ya madirisha kwa sababu nzuri kabisa. Kisha asubuhi mnakizima, mnafunga nyumba na kwenda kazini. Chumba kinapata joto mchana kutwa, ubao unatoa gesi kwa kasi yake yote, na jioni mnarudi, mnafunga tena na kuwasha baridi juu ya hewa ileile. Watoto wanalala ndani ya mkusanyiko wa siku nzima.

Wamarekani walijifunza somo hili kwa uchungu. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali yao iliwapa watu waliopoteza makazi nyumba ndogo za magurudumu zilizosheheni mbao za kushindiliwa, na wakazi wakaanza kulalamika kuhusu macho, vichwa na vifua. Kati ya Desemba 2007 na Januari 2008 kituo chao cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipima nyumba 519 kati ya hizo. Wastani ulikuwa sehemu 0.077 kwa milioni, karibu sawasawa na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ambao kwa kipimo hicho ni 0.08, lakini kulikuwa na nyumba iliyofika 0.59. Vipimo hivyo vilichukuliwa msimu wa baridi. Ninakutajia namba hizi ili uone mambo mawili: kwamba malalamiko ya watu wale hayakuwa ya kufikirika tu, na kwamba nyumba za namna moja zinaweza kutofautiana sana, joto na hewa vikiwa miongoni mwa sababu.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo toeni vizibo vyote vya matundu ya juu. Kila asubuhi kabla ya kutoka, na kila jioni mara mnaporudi, fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana ili hewa ipite, milango ya makabati ikiwa wazi na droo zikiwa zimevutwa nje, kwa nusu saa hadi saa nzima. Mkiwa na feni, iwekeni dirishani ikitazama nje ili isukume hewa ya chumba itoke, kwani feni inayozungusha hewa ndani ya chumba kilichofungwa haipunguzi chochote. Usiku, kama mnahitaji kiyoyozi, acheni dirisha wazi kwa upana wa vidole vitatu au vinne na mkubali kulipa umeme zaidi kidogo. Nguvu ya hatua hii rahisi ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: chumba ambacho hewa yake hubadilika mara moja kila saa mbili, ukikifanya kibadilishe mara mbili kila saa, gesi hushuka hadi karibu robo ya ilivyokuwa. Haishuki kufikia robo kamili, kwa sababu ubao ulio katika hewa safi huachia zaidi kidogo.

Najua utaniuliza kuhusu mbu, na ni swali la haki. Watoto walale ndani ya chandarua chenye dawa, na dirisha liwekwe wavu. Ninachokuomba usifanye ni kuchoma ile dawa ya mbu ya kuzunguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 juu ya dawa za aina hiyo za China na Malaysia ulionyesha kwamba moja ikiungua hadi mwisho inaweza kutoa fomaldehaidi sawa na ya sigara 51, na vumbi laini la moshi sawa na la sigara 75 hadi 137. Kuiwasha katika chumba cha MDF ni kuongeza kile hasa tunachojaribu kukitoa.

Baada ya hewa, shughulikia ubao wenyewe. Mwite fundi wako umwonyeshe kwamba sehemu zilizofunikwa kwa karatasi ngumu ya melamini zinatoa gesi kidogo, wakati sehemu zilizobaki uchi ndizo zinazotoa nyingi: kingo zilizokatwa kwa msumeno, matundu ya skrubu na ya bawaba, upande wa chini wa rafu, mgongo wa kabati unaotazama ukuta. Mafundi wengi hufunga kingo zinazoonekana na kuacha zisizoonekana, kwa kuwa mteja hulipia kinachoonekana. Kingo zote zifungwe, na nyuso zilizo uchi zipakwe vanishi ya poliyurithani mara mbili au zaidi. Sisitiza kwamba isiwe vanishi ya kukaushwa kwa asidi, kwa sababu baadhi ya hizo zina fomaldehaidi ndani yake. Vanishi yoyote ina harufu ya viyeyusho, kwa hiyo vinavyoweza kutolewa vipakwe nje, na watoto wasilale humo kwa siku kadhaa mpaka ikauke vizuri.

Umeuliza kuhusu kuvunja. Kuvunja kabati la MDF ndani ya nyumba kunatimua vumbi laini lenye gundi ileile na kuacha wazi kingo mpya mia moja, na nyumba ya kupanga hairuhusu hasara ya namna hiyo bila sababu kubwa. Lakini kitanda ni jambo jingine. Kabati liko ukutani, kitanda kiko chini ya shavu la mtoto kwa saa 10 kila usiku, na yule anayelala chini ana ubao juu ya uso wake pia. Kama una fedha za kubadilisha kitu kimoja tu katika nyumba hiyo, badilisha kitanda: kiwe cha chuma, au cha mbao halisi kama mninga, mkongo au hata msonobari, kwani mbao zisizounganishwa kwa gundi hutoa fomaldehaidi kidogo mno. Hadi hapo, weka godoro la watoto sebuleni au chumbani kwenu.

Kuhusu uliyoyajaribu, sitaki ujilaumu, kwa maana ndiyo tuliyorithi. Hata hivyo udi na ubani, kama kitu chochote kinachoungua taratibu, hutoa moshi wenye fomaldehaidi pamoja na chembe nyingine. Vinafunika harufu na kuongeza gesi. Manukato ya kupulizia nayo hayaondoi kitu. Mkaa wa kupikia unaweza kunasa harufu fulani fulani, lakini molekuli ya fomaldehaidi ni ndogo mno na haishikwi vizuri na mkaa wa kawaida, hata ule ulioamilishwa kiwandani, mpaka uwe umewekewa kemikali maalumu kama pamanganeti ya potasiamu. Ndivyo ilivyo pia kwa mashine za kusafisha hewa: chujio linalonasa vumbi na chavua hupitisha gesi kana kwamba hakuna kitu. Mashine za ozoni usizikaribishe kabisa, kwa sababu ozoni ni sumu ya mapafu. Imani ya maua ya vyungu inatokana na majaribio ya NASA ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya masanduku madogo yaliyofungwa. Mapitio ya mwaka 2019 yalikokotoa kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayopita yenyewe katika jengo, ungehitaji kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Maua yako yaache yapendeze dirishani.

Usinunue vile vipimo vidogo vya bei rahisi vinavyouzwa mtandaoni. Vingi husoma pombe, manukato na mvuke wa jikoni na kuviita fomaldehaidi. Kipimo cha kuaminika hunasa hewa katika kichujio chenye kemikali maalumu, kisha maabara hukichambua; kwa nyumba yako sioni haja yake, kwa sababu hatua za kuchukua ni zilezile namba iwe yoyote.

Mtoto apelekwe kwa daktari. Kikohozi cha usiku cha mtoto wa miaka minne kinaweza kuwa pumu, mafua yasiyokwisha au ugonjwa mwingine kabisa, na nisingependa makabati yafiche ugonjwa unaotibika. Mweleze daktari jambo moja ambalo litamsaidia: je, mtoto hupata nafuu anapolala kwa bibi yake siku mbili tatu, na kikohozi kurudi akirudi nyumbani? Andika tarehe, usitegemee kumbukumbu.

Sasa saratani, na hapa ndipo nitakapoanza kuzungumza kuhusu wewe.

Jirani yako hakuzua. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka fomaldehaidi mwaka 2004 katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, kwa ushahidi wa saratani ya sehemu ya juu ya koo iliyo nyuma ya pua. Mwaka 2009 likaongeza lukemia, yaani saratani ya damu. Lakini angalia ushahidi huo ulitoka kwa nani. Ulitoka kwa wafanyakazi: zaidi ya watu 25,000 wa viwanda 10 vya Marekani waliofuatiliwa kwa miaka mingi, na watu wanaohifadhi maiti. Panya nao walitoa picha iliyo wazi. Katika jaribio maarufu lililochapishwa mwaka 1983, panya waliovuta sehemu 14.3 kwa milioni kwa miaka miwili walipata saratani ya pua 103; waliovuta 5.6 wakapata mbili. Waliovuta 2 hakuna. Hatari haipandi kwa hatua zilizolingana. Hupanda polepole, kisha inaruka. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema kiwango chake cha 0.1 kinakinga dhidi ya saratani pia, na ndiyo sababu naweza kukuambia kwa moyo mkunjufu kwamba miezi michache ya watoto wako katika chumba hicho si hukumu. Chumba kirekebishwe kwa ajili ya macho, koo na kifua chao, na ulale usingizi.

Mtu katika familia yenu anayefanana na watu wa tafiti zile ni wewe.

Dawa nyingi za kunyoosha nywele zinazoitwa keratini hufanya kazi kwa fomaldehaidi iliyo ndani ya maji, ambayo huzishikanisha protini za unywele zikabaki zimenyooka. Katika chupa inakuwa tulivu kiasi. Halafu wewe unaipaka, unaikausha kwa mashine ya hewa moto, na kuipitishia pasi yenye joto la nyuzi 200 na zaidi, uso wako ukiwa umbali wa mkono mmoja. Joto hilo huigeuza kuwa gesi mbele ya pua yako. Mwaka 2010, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, watengeneza nywele walilalamika kuhusu macho, damu puani na kifua kubana, na mamlaka ya usalama kazini ya jimbo hilo ilipopima dawa walizotumia ilikuta fomaldehaidi nyingi katika chupa zilizoandikwa kwamba hazina hata chembe. Katika saluni nyingine za nchi hiyo, kipimo kimoja kilichochukuliwa wakati wa kukausha nywele kilifika sehemu 10.12 kwa milioni. Sheria yao inaruhusu 2 kwa dakika 15, na 0.75 kwa wastani wa saa nane, viwango ambavyo wataalamu wengi, na mimi nikiwa mmoja wao, tunaviona vimelegea. Linganisha 10.12 na ile nyumba mbaya kuliko zote ya Katrina, 0.59. Nyumba ilikuwa balaa, na saluni ilikuwa mara 17 yake.

Unaposema harufu kali umezizoea, dada, unanieleza kwamba pua yako imechoka kukuonya. Hilo si kinga. Fomaldehaidi haisubiri kuthibitishwa na harufu, na wapo watengeneza nywele ambao baada ya muda ngozi za mikono yao hupata mzio usiopona, kiasi kwamba hata kiasi kidogo kinawatoa malengelenge, na hapo ndipo kazi inapokatika.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii gesi. Inazuia matone na vumbi. Inayozuia ni ile ya mpira yenye vichujio vilivyotengenezwa kwa ajili ya fomaldehaidi, ambayo ni ya moto na ya ghali, na mteja wako hatakuwa nayo, wala mtoto aliyelala kwenye kiti akimsubiri mama yake. Glavu za nitrili vaa, kwani hizo zinasaidia mikono. Hewa ivutwe nje kwa feni ya ukutani iliyo karibu na kiti cha kazi, mlango ukiwa wazi ili hewa mpya iingie upande wa pili. Lakini nisingependa uishie hapo, kwa sababu hakuna feni ya saluni inayoshinda gesi inayozaliwa sentimita 40 kutoka usoni. Dawa yenyewe ndiyo inayopaswa kuondoka. Mweleze mwenye saluni hivyo, kwa heshima na kwa namba hizi, na umkumbushe kwamba yeye naye anavuta hewa hiyo.

Akikataa, huna haja ya kugombana. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya wanaomfanyia kazi, na saluni ni mahali pa kazi kama kiwanda kilivyo. Wakala unaoisimamia, OSHA, hupokea taarifa za wafanyakazi na una wakaguzi wa kupima hewa; Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inao utaalamu wa kuchunguza kilichomo katika chupa. Wote wawili watataka kujua jina la dawa na maandishi yaliyo juu yake.

Basi kesho, kabla mteja wa kwanza hajaketi, chukua chupa mnayoitumia na uisome mbele na nyuma. Tafuta maneno formaldehyde, formalin, methanal, methylene glycol au methanediol. Yote matano yanakupeleka kwenye gesi moja. Ukiyakuta, dawa hiyo usiipashe moto tena. Usipoyakuta, ukumbuke chupa za Oregon, na usikilize macho yako wakati wa kupasi: yakitoa machozi, chupa imekudanganya. Ipige picha pande zote, uandike tarehe, na uitunze picha hiyo mahali ambapo haitapotea.